Injini Iliyofungwa kwa Neno la Siri

Katika nchi nyingi zenye viwanda umeenea mtindo wa kuchukua gari lililotengenezwa miaka 30 au 40 iliyopita, kung'oa kabureta au kompyuta yake ya kiwandani, na kulifunga kompyuta mpya ya injini iliyotengenezwa na kampuni nyingine, pamoja na throto moja kwa kila silinda. Throto ni ile vali inayofunguka dereva anapokanyaga mafuta, ili injini ipate kuvuta hewa. Wengi huliona jambo hili kuwa ni mchezo wa vijana wapenda kelele. Wamekosea. Ndani yake limo swali kubwa: mashine anayoinunua mtu kwa jasho lake, ni nani mwenye haki ya kuijua?

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla AE86, gari lililotengenezwa baina ya 1983 na 1987. Injini yake, iitwayo 4A-GE, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,587 na vali 16. Katika magari yaliyouzwa Marekani, hewa yote ilipita kwanza kwenye kijilango chenye springi. Kwa jinsi kijilango hicho kilivyosukumwa, kompyuta ilijua kiasi cha hewa kinachoingia, nayo ikaziamuru nozeli zinyunyize petroli inayolingana nacho. Mwaka 1991 Toyota wenyewe walitoa 4A-GE ya vali 20 yenye throto nne, na wenye AE86 wakazitamani throto hizo. Lakini anayezifunga aghalabu hukiondoa kile kijilango, na kikishaondoka, kompyuta ya zamani huwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Ndiyo maana throto nne na kompyuta mpya huandamana kama chanda na pete.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kompyuta huhitaji kujua mambo machache: injini inazunguka kwa kasi gani, throto imefunguka kiasi gani, na hewa na maji vina joto gani. Nyingi hupima pia mgandamizo wa hewa iliyokwisha kupita throto, kisha hukadiria uzito wa hewa hiyo kwa kanuni ileile ya gesi ambayo mwalimu wa fizikia huiandika ubaoni. Penye throto nne, hata hivyo, mgandamizo huo hurukaruka, na throto zikifunguka kidogo tu huukaribia ule wa hewa ya nje. Kwa hiyo fundi hulazimika kutegemea zaidi pembe ya throto.

Majibu yote huandikwa katika jedwali, aghalabu la mistari 16 kwa safu 16, yaani vyumba 256, na kila chumba hueleza petroli inyunyizwe kiasi gani. Jedwali jingine hueleza plagi itoe cheche wakati gani. Petroli hupata hewa ya kuitosha kamili penye gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Injini ikibebeshwa mzigo mkubwa, huongezewa petroli kupita kipimo hicho. Ikipungukiwa wakati huo, joto hupanda, injini hugonga, na mwishowe pistoni hutoboka. Jedwali hilo, basi, ndilo roho ya injini.

Hapo ndipo penye dhuluma tunayoipinga. Wako warekebishaji wanaolijaza jedwali hilo, wakapokea malipo yao kamili, kisha wakalifunga kwa neno la siri. Mwenye gari akitaka kubadilisha nozeli, au akihama kutoka pwani kwenda mahali pa mwinuko ambako hewa ni nyepesi, hawezi kusahihisha hata chumba kimoja. Lazima arudi kwa yuleyule na kulipa tena. Na warsha hiyo ikifungwa, au mwenyewe akifariki dunia, itakuwaje? Mtu huyo hakununua kompyuta, amepangishwa.

Warekebishaji hao wana hoja mbili. Kwanza wanasema wanalinda kazi ya akili yao isiibwe. Hatukatai kwamba fundi anastahili ujira. Lakini seremala akishalipwa meza yake, hapigi marufuku mnunuzi kutazama misumari. Pili wanasema kwamba asiyejua ataiharibu injini. Hoja hii ni kasumba. Ujinga hauondolewi kwa kufungiwa mlango. Huondolewa kwa kufundishwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea neno la siri la mwenzake hukwama njiani.

Kwamba njia nyingine ipo, limekwisha thibitishwa. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa kompyuta ya injini waliyoiita MegaSquirt. Waliiuza ikiwa vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe kwa risasi ya kulehemia. Walibaki na haki zao, lakini walieleza kwa kina jinsi kila sehemu inavyofanya kazi. Matokeo yake ni kwamba watu wengi ambao hawakuwa wahandisi walijifunza elektroniki na hesabu za injini kwa mikono yao wenyewe. Hiyo ndiyo elimu.

Atatokea mtu aseme kwamba tukiyafungua masanduku haya, watu watachafua hewa. Hofu hiyo ina msingi, na sheria ya Marekani ya hewa safi hukataza kuharibu vifaa vya kupunguza sumu katika moshi wa gari. Sheria hiyo ni ya haki na iheshimiwe. Lakini tukumbuke yaliyofichuliwa Septemba 2015: kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza sumu wakati huo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalihusika. Udanganyifu huo haukufanywa na kijana katika gereji ya nyumbani. Ulifanywa ndani ya sanduku lililofungwa, ambalo mwenye gari hakuweza kulisoma. Mwezi uliofuata, serikali ya Marekani ilitoa idhini, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye, kwamba mwenye gari asihesabiwe kuvunja hakimiliki anapoifungua programu ya gari lake ili alitengeneze au kulibadilisha kihalali.

Wala tusiwasifu wenye magari wote. Wapo wanaofunga throto nne kwa ajili ya mvumo wake tu, hali silinda zimechakaa na waya zimeoza. Wapo wanaotoa kabureta, ambayo huhitaji mgandamizo wa petroli usiofika nusu ba, wakafunga nozeli zinazohitaji kama ba tatu, na bado wakaacha mipira ileile ya zamani. Huyo hajafanya ufundi; amewasha utambi. Haki ya kuijua mashine huandamana na wajibu wa kuijua kweli.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingia yakiwa yamekwisha tumika Japani, na injini zake huendeshwa na kompyuta ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Fundi asiyefundishwa maana ya sensa hubahatisha: hubadilisha kifaa hiki, kisha kile, na mwenye gari hulipia kila kosa. Fundi huyo hana ila ya akili, amenyimwa maarifa.

Kwa hiyo kanuni ya gesi isiishie ubaoni. Mwanafunzi wa sekondari na wa chuo cha ufundi aonyeshwe kwamba kanuni hiyo ndiyo inayopima hewa ndani ya injini, na kwamba vyumba vile 256 ni hesabu anayoiweza. Na kila anayenunua kompyuta ya injini, kabla hajatoa fedha, aulize swali moja: je, nitaruhusiwa kuisoma? Akijibiwa hapana, arudishe pochi yake mfukoni.