Picha ya Shingo ni Shahidi, Si Hakimu

Askari aamkaye na maumivu ya shingo yanayoteremka begani hadi vidoleni, huku mkono ukifa ganzi, mara nyingi hunyamaza. Anachelea kuitwa mtegea kazi. Naye kamanda, asipoona jeraha, hudhani ni uvivu. Wote wawili wanakosea, na kosa hilo laweza kumgharimu askari mkono wake.

Yafaa ieleweke kwamba shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva. Neva hubanwa pale gegedu iliyo kati ya pingili inapochomoza, au mfupa unapoota vijiba kwa sababu ya umri. Daktari huanza kwa kuuliza na kupima nguvu: ganzi ya kidole gumba huelekeza kwenye neva ya 6, ya kidole cha kati kwenye ya 7, na ya kidole cha mwisho kwenye ya 8. Picha hufuata baadaye, inapohitajika.

Picha nazo hazilingani. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na ambayo mwaka uliofuata ilitumika Italia kutafuta risasi katika miili ya askari waliorudi kutoka vita vya Ethiopia, huonyesha mifupa, si neva. CT huuchambua mfupa tabaka kwa tabaka. MRI, itumiayo sumaku, ndiyo ionyeshayo vyema gegedu na neva. Kwa hiyo, mwenye kipande cha bomu au risasi mwilini hana budi kusema kabla ya kuingia humo, kwani sumaku yaweza kukisogeza chuma.

Hata hivyo, tusiiabudu mashine. Watu wengi wasio na maumivu yoyote hukutwa na gegedu zilizochomoza. Polisi wajua kwamba shahidi asiyeafikiana na ushahidi mwingine hatoshi kumtia mtu hatiani. Vivyo hivyo, picha isiyoafikiana na dalili haitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Wengi hupona katika majuma machache bila kisu.

Asiyepaswa kungoja ni yule ambaye mikono inalegea, miguu inayumba, au haja inamtoka bila hiari. Huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Makamanda, msimhukumu mgonjwa kabla ya daktari kunena. Askari, semeni mapema. Bunduki hukaguliwa kila siku. Mwili uibebao nao usisahauliwe.