Afutaye Kesi Aulizwe Sababu

Wenzangu wengi hudhani kwamba polisi wakishamkamata mtu, kazi iliyobaki ni ya hakimu tu. Sivyo. Katikati yupo Mkurugenzi wa Mashtaka, naye si mtumishi wa polisi. Hupima ushahidi, akaamua mtu ashtakiwe au aachwe. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, kifungu cha 120, imekataza asiamriwe na mtu ye yote, na hilo ni jema sana. Lakini kesi aliyoianzisha mwenyewe aweza kuifuta kabla ya hukumu bila ya kuomba ruhusa ya korti. Jirani zetu wa Kenya, katika katiba yao ya 2010, wamemlazimisha wao aiombe. Mimi naona hapo wametushinda. Aliyeibiwa ng'ombe, akaenda kortini mara tano kwa miguu, ana haki ya kusikia sababu ikitolewa mbele ya hakimu.