Mzee, Hii Tunafomati

Neno "kufomati" limenichosha. Kwa mafundi wetu wa kompyuta limekuwa kama dawa ya mganga: kichwa, tumbo, homa, kikombe ni kile kile.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, programu yangu ya kuandikia, LibreOffice, ikawa inafunguka nusu kisha inajifunga. Nikaipeleka mashine kwa fundi. Hakuuliza ilianza lini wala nilikuwa nafanya nini. "Mzee, hii tunafomati." Nikakubali, na hapo lawama ni yangu. Maandishi yangu aliyaweka kwenye flashi, haki yake nampa. Alichokifuta ni maneno yangu.

Kwa miaka sita, kila programu ilipolipigia mstari mwekundu neno la Kiswahili isilolijua, mimi nililiongeza kwa mkono: kolekole, ukili, kitale, na mengine mengi. Yote hukaa katika faili dogo liitwalo standard.dic, ndani ya folda ya mipangilio ya mtumiaji, ambayo Windows huificha. Fundi hakujua kuwa lipo. Angejuaje, ikiwa hakuuliza?

Nilifundisha walimu kwa miaka mingi. Mwanafunzi akikosea hesabu, unatafuta mstari alipopotea. Humrudishi darasa la kwanza. Programu ni kitu kimoja, mipangilio yake ni kitu cha pili, na kazi uliyoiandika ni cha tatu. Aghalabu kinachoharibika ni hicho cha pili. Tangu mwaka 2017 LibreOffice inaweza kufunguliwa katika hali salama, yaani bila mipangilio yako. Ikifunguka vizuri hapo, ugonjwa umeshaujua ulipo. Hapo hapo inakupa nafasi ya kurudisha mipangilio peke yake, au kufuta kila ulichowahi kuiongezea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na anayebonyeza la pili bila kusoma hastahili kuitwa fundi.

Hata hilo halikuwa lazima. Funga programu, ibadili jina ile folda, uifungue tena: itajitengenezea folda mpya, na ya zamani itabaki pale pale na maneno yako yote ndani yake. Ni kazi ya dakika mbili, wala haifuti hata herufi moja.

Wapo watakaosema fundi ana wateja wengi na kufomati ndiyo njia ya mkato. Mkato kwa nani? Mashine ilikaa kwake siku tatu. Nikalipia kufomatiwa, nikalipia na kuwekewa programu upya. Kuuliza swali moja kungekuwa bure.

Nimeanza upya, kwa kolekole. Hadi jana jioni nilikuwa nimefikisha maneno 41, na siku hizi faili lile nalinakili kila Ijumaa.