Tiketi ya India Si Tiba ya Saratani

Majuzi, kwenye mazishi ya mama mmoja mtaani kwetu, mhubiri alisimama mbele ya jeneza akawakaripia wafiwa. Alisema kama wangempenda mama yao wangempeleka India mapema, na tusingekuwa makaburini siku ile. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Watoto waliomuuguza mama yao, wakamwosha na kumlisha hadi pumzi ya mwisho, waliinamisha nyuso kama watuhumiwa. Tangu siku hiyo hasira haijanitoka.

Maneno yale ni ya kikatili na si ya kweli. Lakini mhubiri hakuyatunga yeye. Ndivyo nchi nzima inavyoamini. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yakitoka tu, kabla hata daktari hajaeleza ugonjwa uko hatua ya ngapi, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa na kiwanja kinatafutiwa mnunuzi. Hakuna anayeuliza Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanatibu nini. Swali ni moja tu: anaondoka lini?

Saratani haitibiwi kwa safari. Inatibiwa kwa miezi, na mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka. Dripu za kemo hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, halafu kuna mionzi ya ndani. Kuna wagonjwa wa saratani ya matiti wanaoandikiwa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Ratiba ikikatika, uvimbe haungoji mchango utimie. Ni familia ngapi za Mbagala zinazoweza kuhamia Chennai kwa miezi sita? Pesa inaanza kuliwa na viza, na tiketi mbili kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake, na chumba cha kupanga karibu na hospitali, na chakula, na teksi, na hasara ya kubadilisha shilingi kuwa dola. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye dawa.

Shangazi yangu alipitia huko. Kiwanja chake cha Chanika kiliuzwa, ukoo ukachanga, akaenda. Aliandikiwa dozi sita za kemo. Pesa ikaisha baada ya dozi ya pili. Akarudi na bahasha ya picha na barua inayosema aendelee na matibabu. Wazee wa ukoo wakakataa atibiwe hapa, wakisema dawa za hapa ni za kupoza tu, wakaanza kuchangisha nauli nyingine. Alipofikishwa hospitali ya Dar es Salaam, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye ini. Dawa zilizoandikwa kwenye ile barua zilikuwepo hapa hapa, kwa majina yale yale.

Nikisema hivi najibiwa, "Mbona fulani alienda akapona?" Hiyo si hoja, ni uvivu wa kufikiri. Aliyepona husimama kanisani akashuhudia. Aliyerudi kwenye jeneza hana ushuhuda wa kutoa. Na wanaodhani kutibiwa ng'ambo ni kinga ya kifo waitazame Kenya ya Julai 2019. Ndani ya mwezi mmoja walifariki kwa saratani Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wa kwanza alikuwa ametibiwa Uingereza, wa pili Ufaransa, wa tatu Uingereza na India. Mungu awarehemu. Hakuna kati yao aliyekosa nauli.

Waganda nao walijifunza kwa uchungu kwamba safari ya nje haiwatoshi wagonjwa wote. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini mwao, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na serikali ikaahidi kupeleka wagonjwa 400 Nairobi. Na wengine je? Walibaki nyumbani na maumivu yao. Nafuu ilikuja Januari 2018, mashine mpya ilipozinduliwa Kampala. Wanyarwanda nao walikuwa wakivusha mipaka wagonjwa wao wa mionzi, mpaka waliposimika mashine zao katika hospitali ya Kanombe, Kigali, mwaka 2019. Na ni Kampala hiyo hiyo ambako daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, na ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967, iliuonyesha ulimwengu kwamba saratani hiyo inaweza kuponywa kwa dawa. Wazungu walikuja kujifunza kwetu, na sisi tunaambiwa makaburini kwamba hatuna tiba!

Waheshimiwa wetu nao wanachangia ugonjwa huu wa fikra. Anayejua kwamba akiumwa kifua atapanda ndege hawezi kupiga kelele bungeni mashine ya Mwanza inaposimama. Ana gari la V8, ana posho, ana pasipoti. Mashine itamhusu nini? Na sisi raia tunaochanga mamilioni kwa ajili ya send-off ya usiku mmoja, halafu bima ya afya tunaiita ghali, hatuna tofauti naye.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, Watanzania wapatao 40,000 hupata saratani kila mwaka na karibu 27,000 hufa. Ndege ipi itawabeba? Jopo la madaktari likiandika rufaa ya nje kwa tiba isiyopatikana nchini, mgonjwa aende. Lakini wakala wa hospitali za nje, anayelipwa kamisheni kwa kila mgonjwa anayempeleka, si jopo la madaktari.

Anayefia nyumbani kwa kukosa nauli simwoni kwenye foleni ya viza. Namwona akiwa ametoka Kigoma au Tunduru kuja Ocean Road, na katikati ya wiki zake za mionzi anaaga kurudi kijijini kwa sababu hana pa kulala wala nauli ya daladala. Huyo mashine ipo, daktari yupo, na ratiba imeshaandikwa. Ndugu msomaji, ukiombwa mchango wa saratani wiki hii, uliza kwanza mgonjwa atatibiwa wapi hadi dozi ya mwisho. Kisha mlipie huyu wa Kigoma chumba, amalize mionzi yake.