Kiwanda kimoja cha rayoni kilivyotikisa roketi za Marekani

Mwishoni mwa mwaka 1988, wiki chache baada ya chombo cha shuttle kurudi angani kufuatia ajali ya Challenger ya 1986, kiwanda cha Avtex Fibers cha Front Royal, jimbo la Virginia, kilitangaza kwamba kinafunga. Kilikuwa kinatengeneza rayoni, nyuzi zinazotokana na rojo ya mbao, na sehemu kubwa ya mzigo wake ilikwenda kwenye viwanda vya nguo. Kwa macho ya mfanyabiashara wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya kiwanda kingine chakavu kushindwa na gharama.

NASA na Jeshi la Anga la Marekani waliiona tofauti. Rayoni ya Avtex ndiyo pekee iliyokuwa imepitishwa kutengeneza kitambaa cha kaboni kinachokinga midomo ya roketi za kusukumia shuttle, pamoja na ncha za makombora. Hapakuwa na muuzaji wa pili. Serikali ililazimika kutoa fedha haraka ili mitambo iendelee kufuma akiba ya kutosha. Kiwanda kilivuta muda mwaka mmoja tu. Novemba 1989 jimbo la Virginia lilikinyang'anya kibali cha kumwaga maji taka kwa sababu ya uchafuzi wa mto Shenandoah, na safari hii kikafungwa moja kwa moja.

Kwa nini rayoni, wakati nyuzi nyingine za kaboni zipo sokoni? Rayoni ikichomwa kwenye tanuru bila hewa hubaki kaboni tupu yenye umbo la kitambaa, na kaboni ya aina hiyo hupitisha joto taratibu kuliko ile inayotokana na malighafi nyingine. Kitambaa hicho hulowekwa kwenye resini ya fenoli, kikazungushwa tabaka juu ya tabaka, kisha kikaokwa kwa shinikizo. Kazi yake si kuzuia moto usiingie kabisa. Uso wake huungua kidogo kidogo na kuondoka na joto, huku tabaka za ndani zikibaki salama. Madereva wetu wanalijua jambo hili kwa njia yao: lori lililojaa likishuka Kitonga, laining za breki ndizo zinazobeba joto, na laining nazo hushikanishwa kwa resini za jamii hiyo hiyo ya fenoli. Tofauti ni kiwango. Kwenye mdomo wa roketi gesi hupita ikiwa na joto la zaidi ya sentigredi 3,000.

Mfano mkubwa zaidi ni chombo kidogo cha Galileo kilichoingia anga la sayari ya Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995, kikiwa na mwendo wa kilomita 47 kwa sekunde. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa kilo 339, na karibu nusu yake ilikuwa ngao ya joto ya kaboni na fenoli. Kwa lugha ya usafirishaji, karibu nusu ya uzito wote ilikuwa kifungashio. Zaidi ya nusu ya ngao hiyo iliungua kabla parachuti kufunguka, lakini mzigo ulifika.

Hapa ndipo hesabu ya kiuchumi inapokuwa ngumu. NASA ilikuwa mteja mwenye shida kubwa lakini mwenye oda ndogo. Kwa mwenye kiwanda, tani chache za mteja wa namna hiyo haziwezi kulipia ukarabati wala faini za mazingira. Na kwa mteja, kuhama si kupiga simu kwa muuzaji mwingine. Kila malighafi mpya lazima ipimwe upya kwenye mitambo ya miale ya moto, na roketi ziwashwe majaribio. Gharama ya kuhama inaweza kuzidi gharama ya bidhaa yenyewe mara nyingi. Muuzaji wa pili alipatikana Tennessee, kiwanda cha North American Rayon, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 nacho kiliachana na kazi hiyo, na NASA ikabaki kutegemea ghala.

Jibu lililokuja baadaye limetoka kwa wafumaji. Kitambaa cha zamani kina mtande na mshindio tu. Tabaka zake zimeshikwa na gundi, na joto likizidi zinaweza kuachana. Kituo cha NASA cha Ames, California, kiliingia ubia na Bally Ribbon Mills ya Pennsylvania, kampuni ya familia iliyoanzishwa 1923 na inayojulikana kwa kufuma mikanda na utepe. Kampuni hiyo hufuma nyuzi pande tatu kwa wakati mmoja, za tatu zikipenya unene wote, hivyo hakuna tabaka la kubanduka. Kwa ngao iitwayo HEEET, mtambo mmoja hufuma upande wa nje mzito wa kustahimili kuungua na upande wa ndani mwepesi wa kuzuia joto, vyote vikiwa kipande kimoja. Ndugu yake, 3DMAT, hutumia nyuzi za kwatzi na ndiyo iliyowekwa kwenye viungio vya chombo cha Orion kilichozunguka mwezi katika safari ya Artemis I, Novemba na Desemba 2022.

Faida kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, haiko kwenye kustahimili joto peke yake. Upande wa nje wa HEEET hutumia nyuzi za kaboni zinazouzwa kibiashara kwa wateja wengi, kwa hiyo mtu mmoja akifunga duka soko halifi. Lakini mitambo ya kufuma unene huo ni michache, na upana wake una kikomo, kiasi kwamba ngao kubwa hulazimika kuunganishwa vipande. Utegemezi umehama kutoka kwenye malighafi kwenda kwenye fundi.

Na rayoni haijaacha kusumbua. Ngao nyingine ya NASA, PICA, iliyokishusha salama chombo cha Perseverance kwenye Mirihi Februari 2021, nayo ilitengenezwa kwa rayoni, hadi upatikanaji wake ulipoyumba na wahandisi wakahamia nyuzi za Lyocell, ambazo pia hutokana na mbao lakini zina soko pana la nguo. Ngao hiyo mpya ndiyo iliyochaguliwa kwa chombo cha Dragonfly kitakachokwenda Titan, mwezi wa sayari ya Zohali. Kimepangiwa kurushwa Julai 2028.