KIMYA CHA BWENINI SI AMANI

Mwalimu mkuu anapowaambia wazazi mkutanoni kwamba shuleni mwake hakuna uonevu kwa kuwa hajapokea lalamiko hata moja, tusiharakishe kupiga makofi. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja 4 walifungiwa chumbani mwao usiku, wakamwagiwa petroli na kuteketezwa na wanafunzi wenzao. Hakuna lalamiko linaloweza kuhalalisha mauaji yale. Hata hivyo, tangu siku ile hakuna mkuu wa shule awezaye kudai kwamba hajui ni nini kinachoweza kujificha nyuma ya utulivu wa bweni.

Kwa nini mtoto anayepigwa, kunyang'anywa sabuni na kufulishwa nguo za wakubwa wake asimwendee mwalimu? Kwanza, anahofia kisasi: jioni mwalimu hurudi kwake, ilhali mdhulumiwa hulala chumba kimoja na mdhalimu wake. Pili, mara nyingi mdhalimu ndiye kiranja, mkono wa mwalimu mwenyewe; kumshtaki kwa aliyemteua ni kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Tatu, mtoto hutazama yaliyompata aliyetangulia kusema. Ikiwa mwenzake aliitwa mchongezi na hakuna hatua iliyochukuliwa, naye atajifunza kunyamaza. Nne, sisi wazazi humwambia avumilie kwa kuwa hata sisi tulipitia hayo hayo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kiakili, na kulifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai. Lakini haki isiyo na mlango salama wa kuidai ni wino mtupu. Wakenya hawajasahau mlolongo wa 1988, mpiga kura alipolazimika kusimama nyuma ya mgombea huku wakubwa wakimtazama. Mtoto anayetakiwa kusimama mlangoni pa walimu, shule nzima ikimwona, ndipo alalamike, naye anapigishwa kura ya mlolongo.

Kwa hiyo twadai haya. Kila shule iwe na zaidi ya mtu mmoja wa kupokea malalamiko, na mmoja wao asiwe na mamlaka ya kuadhibu. Viranja wachaguliwe kwa kura ya siri. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ibandikwe kila bweni, na simu ya kuipigia ipatikane. Mlalamishi apewe jibu, na anayelipiza kisasi aadhibiwe. Kisha idadi ya malalamiko, na jinsi yalivyoamuliwa, isomwe mbele ya wazazi. Shule yenye malalamiko 10 yaliyoandikwa na kutatuliwa inastahili makofi kuliko ile isiyo na hata moja.

Nawe mzazi, likizo ikifika, usimwulize mtoto alama zake pekee. Muulize: ukionewa, utamwambia nani? Akikosa jina la kutaja, basi nenda wewe shuleni ukaulize kwa niaba yake.