Baraza la Parokia: Washauri Wasio na Amri

Katika miji yetu ya mwambao msikiti na kanisa vimetazamana miaka mingi, na bado jirani hajui nyumba ya jirani yake huendeshwaje. Muulize Mwislamu wa Mombasa ni nani mwenye neno katika parokia ya Wakatoliki, atakujibu mojawapo la mawili: ama padri ndiye kila kitu, ama wana kamati yao kama tulivyo na yetu. Majibu yote mawili yana kombo. Nami naona yafaa tulijue jambo hili sawasawa, kwa kuwa haliwahusu wao peke yao. Siku kiwanja cha kanisa kitakapopakana na makaburi yetu, ndipo tutakapouliza mlango wa kubisha ni upi, na pengine tutakuwa tumechelewa.

Maneno yenyewe si mageni. Parokia limetoka katika Kigiriki kwa kupitia Kilatini, na asili yake ni kukaa kando ya watu, yaani ujirani ama ugeni. Baraza, kila mtoto wa Mji wa Kale alilijua kabla hajajua alifu na bee: ni pale penye kikao cha mawe nje ya nyumba, wazee wakaapo alasiri kuzungumza mambo ya mtaa. Na shauri, ushauri, halmashauri, zote ni za ukoo mmoja na shura. Msamiati, basi, ni wetu. Sheria ndiyo iliyotoka mbali.

Sheria hiyo imo katika mkusanyo wa kanuni za Kanisa Katoliki uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 25 Januari 1983, ukaanza kutumika Novemba ya mwaka huo huo. Kabla yake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika 1962 hadi 1965 ulikuwa umependekeza mabaraza ambamo mapadri na walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, wangeketi pamoja. Kanuni ya 536 ndiyo iliyolipa baraza la parokia umbo lake, nayo ni fupi mno. Yasema kwamba askofu, akisha kuwasikiliza mapadri wake na akiona yafaa, na aweke baraza katika kila parokia. Paroko ndiye atakayeliongoza. Sauti ya baraza ni ya ushauri tu. Na taratibu zake ni zile atakazozipanga askofu. Basi. Hakuna hesabu ya wajumbe, hakuna muda wa kukaa, hakuna namna ya kupiga kura.

Angalia maneno yale, "akiona yafaa". Maana yake ni kwamba askofu asipoona yafaa, parokia yaweza kukaa bila baraza na isiwe imevunja sheria. Lakini geuza ukurasa uende kanuni ya 537, ya baraza la fedha, hutaliona neno hilo. Baraza la fedha ni lazima kila parokia, askofu apende asipende. Mambo ya roho yaweza kungoja, sarafu hazingoji. Sisemi haya kwa kejeli. Waliotunga sheria walijua wapi watu hugombana kwanza, na kanuni ya 1287 imewataka wasimamizi wa mali wawape waumini hesabu ya kile walichokitoa. Ni jambo jema, na si dini moja tu iliyo na haja nalo.

Sasa hapa kwetu Kenya mti huu una mizizi yake. Katika mikutano yao ya 1973 na 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache za mtaa mmoja zikutanazo kusoma na kusaidiana. Jumuiya kadhaa hufanya kigango, ambacho Jumapili nyingi huongozwa na katekista kwa sababu padri yuko kigango kingine. Vigango pamoja hufanya parokia. Mjumbe wa baraza mara nyingi huchaguliwa kuanzia huko chini, akapanda ngazi mpaka juu, na pamoja naye huketi wawakilishi wa akina mama, wa wanaume, wa vijana na wa wanakwaya. Kwa hiyo mama muuza samaki aliyechaguliwa na jirani zake aweza kuketi meza moja na paroko na kumwambia kuwa paa la kigango chao lavuja. Ukiwatazama kwa nje utasema hili ni bunge dogo.

Si bunge. Na hapo ndipo tofauti yake na kamati ya msikiti ilipo. Misikiti yetu mingi, kamati ndiyo imtafutayo imamu, ndiyo imlipayo, na wakikosana naye humwambia kwaheri. Mali ya msikiti ikiwa ni wakfu, yafungwa na sharti la aliyeiweka, na mutawalli hana ruhusa ya kulikiuka. Paroko hakuajiriwa na baraza. Ametumwa na askofu, na kanuni ya 532 yamfanya yeye ndiye msemaji wa parokia katika mambo yote ya kisheria. Baraza lote likisimama upande mmoja naye akasimama upande wa pili, sheria haimlazimishi kuvuka. Yule mlei ambaye watu humwita mwenyekiti, kwa hakika humsaidia tu. Mwenye kiti ni paroko.

Wako kati yetu watakaocheka hapa, waseme: ushauri usiofunga ni wa nini? Nawaomba wasiharakishe. Sisi tuna sura nzima iitwayo Ash-Shura, na katika Aali Imran, aya ya 159, Mtume (S.A.W.) aliamrishwa ashauriane na watu wake, kisha akisha kuazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwenye Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, yeye aliona wabakie Madina. Wengi wakataka kutoka, akawafuata. Kwenye Hudaybiya, mwaka wa 6, wengi waliuchukia mkataba, naye akautia mhuri. Wanavyuoni wetu wamebishana karne nyingi kama shura yamfunga kiongozi ama yamzindua tu, na mjadala haujafungwa. Basi tusimcheke jirani kwa swali ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake. Wala kamati yenye amri si dawa ya kila ugonjwa. Kesi za kamati za misikiti kufika kortini, pande mbili zikivutana ufunguo, si habari ngeni mwambao huu.

Kwa maoni yangu, basi, ila ya baraza la parokia si kukosa amri. Ila yake ni kwamba kanuni haikumdai paroko jibu. Mtu akikushauri ukakataa, umpe sababu; hiyo ni adabu hata barazani kwa wazee, ambako hakuna katibu wala daftari. Kanuni ya 212 imewapa waumini haki, na pengine wajibu, wa kuwaambia wachungaji wao maoni yao. Nayo kanuni ya 127 yasema kwamba pale sheria inapomtaka mkubwa atake ushauri, asiuache ule uliokubaliwa na wote ila kwa sababu nzito. Lakini uzito huo hupimwa na mkubwa mwenyewe. Mizani na bidhaa vyote viko mkononi mwa mtu mmoja! Paroko mwema hatatumia vibaya nafasi hiyo. Paroko mwenye haraka ataitisha baraza mara mbili kwa mwaka, asome taarifa, wajumbe wanywe chai, na yule mama wa samaki arudi kwao paa likivuja vile vile.

Turudi kwenye yale makaburi. Tuseme parokia yataka kujenga zahanati ubavuni mwa maziara yetu, na wazee wa mtaa wana wasiwasi juu ya mpaka. Tukienda kwa yule aitwaye mwenyekiti peke yake, atatusikiliza kwa heshima, lakini sahihi si yake. Tukienda kwa paroko peke yake, ujenzi mkubwa kama huo waweza kuwa umepita uwezo wake, kwani kanuni ya 1281 yambatilishia msimamizi tendo lililovuka usimamizi wa kawaida ikiwa hana idhini ya maandishi kutoka juu. Njia ya busara ni kuanza na jirani zetu wa jumuiya, neno lifike barazani na liandikwe, kisha twende kwa paroko wazee wawili watatu tukiwa na nakala. Neno lililoandikwa kitabuni humfikia askofu hata kama paroko atahamishwa, nao maparoko huhamishwa.

Hata Roma wameiona kasoro hii. Sinodi iliyomalizika Oktoba 2024, na hati yake ikapitishwa na Papa Fransisko, imetaka mabaraza haya yawe ya lazima, tena imesema kwamba maoni yaliyopatikana kwa kushauriana vyema hayawezi kupuuzwa. Hati hiyo si sheria, na haikubadilisha herufi moja ya kanuni ya 536. Lakini kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomwachia kila askofu kazi ya kupanga taratibu. Askofu mkuu wa Mombasa, ambayo ni jimbo tangu 1955 na jimbo kuu tangu 1990, na askofu wa Malindi, jimbo lililozaliwa mwaka 2000, hawana haja ya kungoja barua kutoka ng'ambo. Mstari mmoja ungetosha katika taratibu zao: kwamba paroko atakayekataa ushauri wa baraza lake aandike sababu katika kitabu cha mikutano, na isomwe katika kikao kitakachofuata.